Namna ya Kufuatilia Asili ya Mwanamieleka wa Milki ya Osmani Ukiwa Moshi au Arusha

Anayetaka kujua Yusuf İsmail alitoka wapi huanza, karibu kila mara, kwa swali la taifa: je, alikuwa Mturuki au Mbulgaria? Hilo ndilo swali la kuliweka kiporo. Yusuf, ambaye Waturuki humwita Koca Yusuf na ambaye matangazo ya Marekani yalimwita Mturuki wa Kutisha, hutajwa kwa kawaida kuwa alizaliwa mwaka 1857 katika kijiji cha Karalar, karibu na mji wa Şumnu, katika eneo la Deliorman, kaskazini-mashariki ya Bulgaria ya leo. Wakati huo eneo lote lilikuwa chini ya Sultani wa Istanbul. Mkataba wa Berlin wa 1878 ukaliingiza katika utawala mpya wa Bulgaria, ambao kwa jina tu ulibaki chini ya Sultani, na Yusuf alipofariki mwaka 1898 Bulgaria ilikuwa bado miaka kumi kabla ya kutangaza uhuru wake kamili. Kwa hiyo mtu huyohuyo wa kijiji kilekile anaweza kuitwa raia wa Sultani, mtu wa Bulgaria au Mturuki kwa lugha na dini, na kila anayemwita hivyo akawa na hati ya kuonyesha. Tafuta kijiji kwanza. Ukianza na taifa, utasoma kila karatasi ukiwa umeshachagua upande.

Mwongozo huu unamfuata Yusuf kwa sababu habari zake ni nyingi na zimechanganyika, lakini njia ni ileile kwa wenzake wa kizazi hicho, kama Kara Ahmed aliyeshinda mashindano ya dunia ya Paris mwaka 1899, au Kurtdereli Mehmet. Umeandikwa kwa ajili ya mtu aliye Moshi au Arusha mwenye kompyuta mpakato, bando la kutosha na subira, asiye na nauli ya kwenda Istanbul wala Sofia.

Anzia kwenye kifo, si kwenye kuzaliwa

Kuzaliwa kwa mtoto wa mkulima katika kijiji cha Balkani hakukuandikwa gazetini, ila kifo cha Yusuf kiliandikwa kila mahali. Tarehe 4 Julai 1898 meli ya Kifaransa La Bourgogne, iliyokuwa ikitoka New York kwenda Le Havre, iligongana kwenye ukungu na meli ya matanga ya Uingereza, Cromartyshire, karibu na kisiwa cha Sable katika pwani ya Kanada. Watu zaidi ya 500 walifariki, Yusuf akiwa mmojawao, na walionusurika walipelekwa Halifax. Ajali ya namna hiyo huacha orodha za abiria, mahojiano na taarifa za uchunguzi, zote zikiwa na tarehe, na ndiyo maana inafaa kuwa nguzo ya kwanza ya faili lako.

Utakapofika hapo utakutana na kisa cha mkanda uliojaa sarafu za dhahabu, ambao inasemekana ulimzamisha kwa sababu alikataa kuuvua. Kisa hicho kimesimuliwa mno, na kina utamu wake. Kiandike kwenye ukurasa wa simulizi na uendelee na safari, kwa kuwa hata kikithibitishwa kesho hakitakuambia chochote kuhusu kijiji alichozaliwa, na nimeona watafutaji wakikesha juu yake usiku baada ya usiku huku swali lao la msingi likibaki palepale.

Kutoka kwenye kifo rudi nyuma hatua moja moja. Hatua inayofuata ni msimu wake wa Marekani, ulioanza mapema mwaka huohuo wa 1898. Tarehe 26 Machi alipambana na Ernest Roeber katika ukumbi wa Madison Square Garden, pambano likaharibika Roeber aliposukumwa akaanguka nje ya jukwaa. Walirudiana tarehe 30 Aprili katika Metropolitan Opera House, na safari hii ukumbi mzima ukaingia katika fujo. Mwezi Juni alikuwa Chicago akikabiliana na Evan Lewis. Magazeti ya siku hizo yamewekwa bure mtandaoni na Maktaba ya Bunge la Marekani katika mkusanyiko uitwao Chronicling America, ambao una magazeti kadhaa ya New York ya mwaka huo.

Namna ya kutafuta humo ina ujanja wake. Programu inayosoma maandishi kutoka kwenye picha za magazeti ya zamani hukosea sana majina ya kigeni, na waandishi wenyewe hawakukubaliana: utamkuta kama Yousouf, Youssouf, Yusuf, Ismail na hata Ishmaelo. Badala ya kutafuta jina lake, tafuta jina la mpinzani wake pamoja na tarehe. Roeber alikuwa mtu anayejulikana New York, na jina lake liliandikwa kwa namna moja karibu kila mahali, kwa hiyo litakufikisha kwenye ukurasa unaoutaka hata pale ambapo jina la Yusuf limevurugika lisitambulike. Ukishaupata, soma safu yote, kisha soma gazeti la kesho yake, maana mahojiano na maelezo ya maisha ya mwanamieleka mara nyingi huchapishwa siku moja au mbili baada ya pambano.

Orodha ya abiria waliowasili New York nayo itazamwe. Tovuti ya nasaba ya FamilySearch huruhusu kutafuta orodha hizo bila malipo mradi ufungue akaunti. Usitegemee makubwa kutoka kwake, kwa sababu fomu za miaka hiyo ziliuliza uraia na makazi ya mwisho, na safu ya mahali pa kuzaliwa iliongezwa baadaye, katika muongo uliofuata. Mtu aliyekaa Paris kwa muda kabla ya kuvuka bahari anaweza kuandikwa kuwa anatoka Ufaransa bila mtu yeyote kusema uongo.

Paris yenyewe ni hatua ya tatu. Yusuf alipelekwa Ufaransa katikati ya miaka ya 1890 na Joseph Doublier, mwanamieleka aliyegeuka wakala, pamoja na wenzake wengine wa kutoka milki hiyo. Magazeti ya Ufaransa yako Gallica, hazina ya kidijitali ya Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, nayo pia ni bure. Hapa mkazi wa Arusha ana faida ambayo wengi hawaifikirii: mji umejaa waongoza watalii wanaozungumza Kifaransa kila siku ya kazi. Wakati wa masika, hasa Aprili na Mei, wageni wakiwa wachache, si vigumu kumpata mmoja atakayekaa nawe mchana mmoja kwa malipo mnayokubaliana. Mpe picha za kurasa ulizokwisha kuzichagua, usimpe kazi ya kutafuta, na umwombe akutafsirie neno kwa neno kila sentensi inayotaja mahali, umri, baba au dini. Maelezo ya misuli na kishindo yanaweza kusubiri, nayo ni mengi kweli.

Lakabu za ulingoni na majina ya kweli

Wakala wa mieleka aliuza tiketi, na Mturuki aliuza tiketi kuliko mtu wa kijiji fulani cha Şumnu. Lakabu ya Mturuki wa Kutisha haikuwa ya mtu mmoja. Baada ya Yusuf kufariki walijitokeza wengine waliobebeshwa lakabu hiyohiyo, na wengine walikuwa na jina hilohilo la Yusuf. Mwaka 1909, kwa mfano, bingwa wa Marekani Frank Gotch alimshinda Yusuf Mahmout huko Chicago. Kwa hiyo habari yoyote ya Yusuf aliyeshindana baada ya tarehe 4 Julai 1898 itolewe kwenye faili mara moja, hata kama picha inafanana. Vilevile kumbuka kwamba katika magazeti ya Ulaya na Marekani ya wakati ule neno Mturuki lilitumika kwa Mwislamu yeyote aliyekuwa raia wa Sultani, bila kuulizwa anazungumza lugha gani nyumbani.

Lakabu zenye jina la mahali zinahitaji tahadhari zaidi, kwa sababu zinaonekana kama ushahidi. Kurtdereli Mehmet aliitwa hivyo kwa kijiji cha Kurtdere katika mkoa wa Balıkesir, magharibi ya Anatolia. Lakini alizaliwa Deliorman mwaka 1864, akahamia Anatolia kama maelfu ya Waislamu wa Balkani walivyohama kufuatia vita ya Urusi na Uturuki ya 1877–1878, na jina la kijiji alichohamia ndilo lililomganda. Anayesoma lakabu kama cheti cha kuzaliwa atamweka upande usio wake wa bahari. Kila jina la mahali liulize swali moja: linaonyesha alikozaliwa, alikohamia, au alikoanza kushinda?

Kuhusu jina lenyewe, msomaji wa kwetu anaanza akiwa mbele ya Mmarekani. Katika milki hiyo hapakuwa na majina ya ukoo kwa maana ya Ulaya. Uturuki iliyalazimisha kwa sheria ya mwaka 1934. Yusuf İsmail lisomwe kwanza kama tunavyosoma Juma Hamisi, yaani Yusuf mwana wa İsmail, na kusoma huko ni dhana ya kupimwa kwenye madaftari ya hesabu ya watu, maana inakupa jina la mzazi wa kumtafuta. Ndiyo sababu pia utakuta gazeti moja limemwita bwana Ismail na jingine bwana Yousouf.

Tarehe: hapa ndipo wengi hupotelea

Ukikuta mwaka wa kuzaliwa umeandikwa 1857 katika kitabu cha sasa, jiulize aliyeuandika aliutoa katika kalenda gani. Dola ya Osmani ilitumia kalenda mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni Hijria, tunayoijua wote, inayofuata mwezi na yenye mwaka wa siku 354 au 355. Ya pili ni Rumi, kalenda ya jua iliyotumika katika mambo ya fedha na utawala kuanzia mwaka 1840, ambayo mwaka wake ulianza Machi na ambayo hupatikana kwa kutoa 584 kwenye mwaka wa Miladi. Waturuki huiita vita ya 1877 Vita ya 93 kwa sababu ilianza mwaka 1293 wa Rumi. Ukiijua hesabu hiyo, hutaisahau kanuni.

Chukua sasa mwaka 1273 ulioandikwa peke yake kwenye ukurasa. Kama ni wa Hijria, unaanzia karibu Septemba 1856 na kuishia Agosti 1857. Kama ni wa Rumi, unaanzia Machi 1857 hadi Machi 1858. Tarakimu ni zilezile nne, lakini kutoka mwanzo wa kipindi cha kwanza hadi mwisho wa cha pili ni mwaka mmoja na nusu, na aliyenakili haraka ataandika 1856, 1857 au 1858 bila kukuambia alichagua vipi. Andika daima kipindi kizima, na utaje kalenda uliyoichukulia.

Siku nazo hutofautiana. Kalenda ya Rumi ilifuata mpangilio wa Kijuliasi, na Bulgaria nayo ilitumia Kijuliasi hadi mwaka 1916. Katika karne ya 19 mpangilio huo ulikuwa nyuma ya kalenda tunayoitumia leo kwa siku 12. Siku ileile ambayo New York iliiita 4 Julai 1898, gazeti la Bulgaria liliiita 22 Juni 1898, na karani wa Istanbul aliiandika 22 Juni 1314 kwa Rumi, ikiwa mwezi wa Safar 1316 kwa Hijria. Ukiona tarehe mbili za kifo usikimbilie kusema kuna Yusuf wawili.

Umri ni dhaifu kuliko tarehe. Mtu aliyehesabiwa miaka 42 ya Hijria ana takriban miaka 41 ya jua, na hapo bado hujaongeza makadirio ya mwandishi wa habari au tamaa ya wakala ya kumfanya bingwa wake aonekane kijana. Waliowahi kutafuta mwaka wa kuzaliwa wa babu huko Machame au Monduli, kwa kuuliza alitahiriwa na rika gani na njaa ipi ilikuwa imepita, wana mazoezi tayari: unatafuta tukio la hakika la kabla na tukio la hakika la baada, kisha unaufunga umri katikati.

Kukipata kijiji

Karalar si jina la nadra. Vijiji vyenye jina hilo au linalofanana nalo viko katika sehemu mbalimbali za iliyokuwa milki. Ongeza kwamba Bulgaria ilibadilisha majina mengi ya Kituruki mwaka 1934, na Deliorman yenyewe leo huitwa Ludogorie. Karalar ya Şumnu leo huitwa Cherna, katika mkoa wa Shumen, na kuna Cherna nyingine katika mkoa wa Dobrich, kaskazini-mashariki zaidi. Mji mkuu wa eneo nao una majina ya kutosha: Şumnu kwa Kituruki, Shumla au Choumla katika vitabu vya Ulaya vya karne ya 19, Shumen kwa Kibulgaria, na Kolarovgrad kati ya 1950 na 1965. Tengeneza ukurasa wa majina kabla ya kutafuta chochote, wenye jina la Kiosmani, la Kibulgaria, la wilaya iliyokisimamia kijiji na la wilaya ya sasa. Ramani za kijeshi za Austria-Hungaria za kipimo cha 1:200,000, ambazo nakala zake zimewekwa mtandaoni, zinasaidia sana hapa, kwani zilichorwa kabla majina hayajabadilishwa.

Baada ya hapo ndipo madaftari yanapoanza kuwa na maana. Hesabu ya watu ya Waosmani ya mwaka 1831 iliandika wanaume peke yao kwa ajili ya jeshi na kodi, na mara nyingi karani aliongeza umri, jina la baba na hata umbo, kama vile mrefu mwenye ndevu nyeupe. Yusuf hakuwa amezaliwa, lakini İsmail au baba wa İsmail anaweza kuwemo. Orodha za mapato za 1844–1845 zinataja wenye kaya na mali zao. Daftari kubwa lililoanza 1881, lililoandika hadi wanawake, linavutia sana, ila fikiri kabla ya kulitafuta: wakati huo Şumnu ilikuwa tayari nje ya utawala wa Istanbul, kwa hiyo humo utawapata walioihama Karalar na kuingia ardhi ya Sultani, wala si waliobaki.

Katalogi ya Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uturuki hutafutwa mtandaoni ukishajisajili, na muhtasari wa hati umeandikwa kwa Kituruki cha sasa cha herufi za Kilatini. Chapa Karalar pamoja na Şumnu, kisha chapa pehlivan, neno la Kituruki la mwanamieleka. Madaftari ya watu yana alama ya NFS.d. Huduma ya Uturuki ya kuangalia nasaba mtandaoni, iliyofunguliwa mwaka 2018, usiipotezee muda, kwa sababu ni ya raia wa huko pekee. Kwa upande wa Bulgaria, andikia Maktaba ya Taifa ya Kirili na Metodi mjini Sofia, yenye idara ya hati za mashariki. Sehemu ya hati hizo ilifika huko kwa njia ya ajabu: mwaka 1931 shehena ya nyaraka za Kiosmani iliuzwa kutoka Istanbul kwenda Bulgaria kama karatasi chakavu, na zilipotambuliwa zikahifadhiwa. Kwa hiyo hati ya Anatolia inaweza kuwa Sofia, na mtu anayetafuta nchi moja tu ataikosa. Hifadhi ya mkoa wa Shumen nayo iandikiwe kwa ajili ya miaka ya baada ya 1878.

Barua yako iwe fupi: jina moja, kijiji kimoja kwa majina yake yote, kipindi cha miaka, na swali moja. Ukihitaji kupiga simu, saa ya Istanbul na ya Moshi ni ileile mwaka mzima, na Sofia hutofautiana nasi kwa saa moja wakati wa baridi yao.

Kusoma maandishi

Kituruki cha Kiosmani kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu hadi mwaka 1928. Aliyehitimu madrasa ya mjini kwetu atalitambua jina la Yusuf na la İsmail katika daftari lililoandikwa vizuri, na tarakimu atazisoma bila taabu. Nenda kwa ustadh wako baada ya Alasiri, msalimie, mweleze kwamba lugha ni Kituruki, na umwombe akusomee majina na tarakimu peke yake. Usimbebeshe tafsiri, wala usimwonyeshe daftari la fedha lililoandikwa kwa hati ya siyakat, ambayo iliwashinda hata Waosmani wasiokuwa makarani. Kwa hati hizo lipa mtaalamu, na umlipe kwa ukurasa mmoja kwanza ili uone kazi yake.

Kuandika ulichopata

Kila habari iwekewe vitu vitatu: nani alisema, lini alisema, na angewezaje kujua. Daftari la kijiji la 1844 linaizidi hadithi ya gazeti la New York kuhusu baba wa Yusuf, na gazeti hilohilo linalizidi daftari lolote kuhusu alichofanya tarehe 30 Aprili 1898. Kitabu cha karne ya 20 kinachorudia Karalar na 1857 bila kutaja kilikotoa hakiongezi shahidi, hata vikiwa vitabu kumi, mpaka uone kwamba kimoja kati yao kilifika kwenye daftari au kwa jamaa wa kijijini.

Sentensi ya mwisho ya faili iandikwe kwa uzito wa ushahidi wake. Mfano: Yusuf, pengine mwana wa İsmail, anahusishwa na kijiji cha Karalar, wilaya ya Şumnu, leo Cherna katika Bulgaria, alizaliwa raia wa Sultani, kwa makadirio kati ya 1856 na 1858, alifariki 4 Julai 1898. Swali la taifa sasa unaweza kulijibu kwa kutaja mwaka unaouzungumzia, na atakayelibisha kijiweni mpe ukurasa wa majina. Chini ya sentensi hiyo orodhesha pia ulikotafuta ukakosa, pamoja na tarehe na tahajia ulizochapa, kwa kuwa Gallica na Chronicling America huongezewa kurasa mpya mara kwa mara, na utakaporudi utatafuta zile zilizoongezwa tu.